Kuchagua Printa kwa Ajili ya Nyumba za Karatasi

Wengi huiona nyumba ya karatasi kuwa ni mchezo wa watoto, wala hawakosei kabisa. Lakini katika mji kama Kigali, ambako viwanja vingi vimelala ubavuni mwa vilima, nyumba ndogo iliyokatwa kwa mkasi na kubandikwa kwa gundi yaweza kumwambia mwenye kiwanja jambo ambalo michoro ya msanifu imekwisha kumwambia bila yeye kulisikia.

Mama mmoja wa Nyamirambo, mwalimu wa shule ya chekechea na mke wa sajini wa jeshi, alilipata somo hilo mwezi mmoja kabla ya msingi kuchimbwa. Mume wake alikuwa mbali, katika Jamhuri ya Afrika ya Kati, ambako askari wa Rwanda wamekuwa wakihudumu chini ya bendera ya Umoja wa Mataifa tangu mwaka 2014. Kiwanja chao, kilicho pembezoni mwa mji, kina hati yenye majina ya wote wawili, na hivyo haikuwa haki mmoja aamue peke yake. Michoro ilikuwa tayari: nyumba ya mita 12 kwa mita 9, vyumba vitatu, sebule, na jiko lenye mlango wa kutokea nyuma. Fundi alisubiri mvua za Mei zikatike ili aanze kazi mwezi wa Juni.

Tatizo lilikuwa kwamba hakuna aliyeielewa michoro hiyo barabara. Mama aliitazama mezani akaona mistari. Mume aliitazama katika simu, usiku, kwenye kioo kisichozidi kiganja, akaona mistari midogo zaidi. Kila mmoja akasema ni mizuri. Hapo ndipo mpwa wa huyo mama, kijana anayesomea ujenzi katika chuo cha ufundi, alipotoa shauri. “Shangazi,” alisema, “tuijenge kwanza kwa karatasi. Kila sentimita mbili za karatasi ziwe mita moja ya kiwanja.” Hiyo ndiyo skeli ya 1:50, na kwa skeli hiyo ukuta mrefu wa mita 12 huwa sentimita 24, ambazo huenea vizuri katika urefu wa karatasi ya A4 wenye sentimita 29.7.

Kazi hiyo si ngeni duniani. Kiwanda cha uchapaji cha J. F. Schreiber, mjini Esslingen, Ujerumani, kilichoanzishwa mwaka 1831, kilijulikana sana kwa karatasi za kukata na kubandika, na mji wa Épinal nchini Ufaransa ulikuwa na zake. Mwaka 1941, wakati wa vita na uhaba wa karatasi, Mwingereza Geoffrey Heighway alianza kuuza majengo na mashine za kadi ndogo kama postikadi, ambazo mtu angeweza kuzibeba mfukoni. Wote hao walitegemea mitambo mikubwa ya kupiga chapa. Siku hizi kazi hiyo yaweza kufanyika juu ya meza ya chakula, na programu za kuchorea zisizolipiwa, kama Inkscape na Blender, zinatosha kabisa kwa kuta na mapaa. Kinachobaki ni printa, na hapo ndipo watu wanapopotea.

Jaribio la kwanza lilifanywa katika sekretarieti moja ya mtaani, kwa mashine kubwa ya leza. Kwa macho, kazi ilikuwa safi mno: mistari myembamba kama uzi, matofali mekundu yanayong'aa. Kijana akachukua kisu na rula ya chuma, akatia mfuo mahali pa kukunjia, akakunja. Katika kila kona ya nyumba ukatokea mstari mweupe, na unga mwekundu ukadondoka mezani.

Sababu yake ni rahisi kuielewa. Printa ya leza haitumii wino. Hutumia unga mkavu uitwao tona, ambao huyeyushwa na rola za moto, kwa joto linaloweza kukaribia nyuzi 200 za Selsiasi, ukagandamana juu ya karatasi kama ngozi nyembamba. Ngozi hiyo haiogopi maji wala gundi, na kwa barua na mitihani hakuna kilicho bora zaidi. Lakini haiingii ndani ya karatasi. Karatasi ikikunjwa kwa kona kali, ngozi hupasuka. Kwa karatasi nyembamba ya gramu 80 kwa mita ya mraba haionekani sana. Kwa karatasi ngumu ya gramu 200, ile ambayo wauza vifaa vya shule wa Kigali huiita bristoli, nyufa huonekana toka mlangoni.

Printa ya wino hufanya kinyume. Hurusha vitone vidogo sana vya wino, navyo hunywewa na karatasi, kwa hiyo kona hukunjika bila kuchubuka. Adui yake ni maji. Wino wa aina nyingi ni rangi iliyoyeyushwa kabisa, nao ukiguswa na gundi nyeupe, ambayo ina maji ndani yake, hutiririka kama machozi. Upo wino mwingine wenye chembechembe ndogo za rangi zisizoyeyuka, ambao ukikauka huvumilia maji vizuri zaidi. Printa nyingi za nyumbani huwa na wino mweusi wa namna hiyo ya pili, na rangi nyingine tatu za namna ya kwanza. Mnunuzi hana budi kuuliza, maana kwenye boksi jambo hili aghalabu huandikwa kwa herufi ndogo, kama limeandikwa.

Fedha ndizo zilizoleta mjadala nyumbani. Bei ya printa ya wino yenye matangi, ile inayojazwa kwa chupa, ilikuwa sawa na bei ya mabati 20 na ushehe, yaani karibu upande mmoja wa paa la nyumba yenyewe. Mama mkwe, ambaye amepita miaka sabini na ambaye chumba kimoja katika michoro kilikuwa chake, aliuliza swali ambalo kila mnunuzi wa mtambo angepaswa kujiuliza. “Mwanangu, mashine hiyo ikishamaliza nyumba hiyo moja, itakula na kulala kwa nani?”

Swali hilo lilikuwa na haki ya kupewa jibu la hesabu. Kwa nyumba moja ya karatasi, isiyozidi kurasa kumi, hakuna sababu ya kununua printa hata kidogo. Ni afadhali kutafuta duka lenye mashine ya wino na kulipa. Lakini mwalimu wa chekechea huchapa picha, herufi na namba kila wiki, na fedha alizokuwa akiacha sekretarieti kwa mwaka mzima, alipozijumlisha kutoka katika daftari lake, hazikuwa mbali na nusu ya bei ya mashine. Isitoshe nyumba ya karatasi hubadilika. Ukihamisha dirisha, unachapa ukuta mmoja upya usiku huohuo, na huko ndiko kuliko na faida yake yote. Mama mkwe akakubali, kwa sharti kwamba mabati yanunuliwe pungufu ya matofali ya uzio na si ya paa.

Siku ya kununua ilikuwa Jumamosi isiyokuwa ya umuganda, maduka ya mjini kati yakiwa wazi tangu asubuhi. Mama hakwenda mikono mitupu. Alibeba karatasi tatu za bristoli kutoka katika pakiti aliyokusudia kuitumia, rula ya chuma, na flashi yenye ukurasa uliochorwa na mpwa wake: mraba wa sentimita 10 kila upande, mistari myembamba, na kipande kilichojaa rangi ya tofali. Kila anayenunua printa kwa kazi hii angefanya vema kwenda na vitu hivyo vitatu. Maneno ya muuzaji hayana ubaya, ila muuzaji hajengi nyumba za karatasi.

“Mama, hii chupa moja tu inatoa kurasa maelfu,” alianza kijana wa duka.

“Nakuamini, kaka. Lakini leo sikuja kuhesabu kurasa. Naomba uipitishe karatasi hii yangu.”

Kijana aliipapasa bristoli, akacheka. “Hii si karatasi, mama. Hii ni ukuta.”

“Ndiyo,” akajibu, “ni ukuta.”

Hizo kurasa maelfu, kwa njia, hupimwa kwa kurasa ambazo kila rangi hufunika sehemu ndogo tu, asilimia 5 hivi. Ukuta uliojaa matofali toka chini hadi juu hula wino mara nyingi zaidi ya hapo. Mwenye busara huchapa mistari na madirisha tu, akaiacha karatasi yenyewe iwe rangi ya ukuta, au hununua bristoli ya rangi.

Mashine ya kwanza, iliyokuwa rahisi kuliko zote, ilivuta karatasi kutoka trei ya mbele. Katika mashine za namna hiyo karatasi huingia chini, huzungushwa kwenye rola kama mtu anayegeuka katika kona ya uchochoro, kisha hutokea juu. Karatasi ya barua hugeuka. Bristoli ilifika nusu ya njia, ikakwama, ikatolewa kwa kuvutwa. Mashine ya pili, leza ndogo ya tona nyeusi peke yake, ilikubali ulipofunguliwa mlango wake wa nyuma, lakini mikunjo ikawa ileile ya sekretarieti. Leza ndogo za nyumbani, hata hivyo, nyingi hazikuundwa kwa karatasi nzito kiasi hicho. Vitabu vyake huishia gramu 120 au 160 na kidogo. Na kuna jambo la umeme. Rola za leza zinapopata moto hudai wati mia kadhaa kwa ghafla, nyingine hupita 1,000, na kuichomeka katika kile kisanduku cha betri cha kulinda kompyuta ni kukitafutia kifo kisanduku. Printa ndogo ya wino huridhika na wati zisizofika 30. Kwa nyumba inayonunua umeme kwa Cash Power, na hasa kwa familia inayotumia umeme wa jua, tofauti hiyo si ndogo.

Ya tatu ilikuwa ya matangi, yenye trei ya nyuma iliyosimama. Printa za namna hii zililetwa sokoni kwanza na Epson huko Indonesia mwaka 2010, kisha Canon na HP wakafuata na zao. Karatasi hushuka kutoka nyuma na kutokea mbele karibu kwa mstari ulionyooka. Bristoli ilipita, mojamoja, baada ya kijana kuchagua katika kompyuta aina ya karatasi nzito badala ya ile ya kawaida. Ikumbukwe kwamba kitabu cha mashine kinapotaja uzito wa gramu 250 au zaidi, mara nyingi husemea karatasi za picha za kampuni yenyewe. Kwa karatasi nyingine idadi huwa ndogo. Ndiyo maana karatasi yako mwenyewe ndiyo ya kujaribia. Na iwapo leza ndiyo iliyopo nyumbani, karatasi za picha za printa ya wino zisitiwe humo kamwe, kwani ngozi yake yaweza kuyeyuka na kunata kwenye rola.

Ukurasa ulipotoka, mama aliulaza kwenye kaunta akaweka rula. Mraba wa sentimita 10 ulikuwa na sentimita 9.5.

Huenda hilo ndilo jambo kubwa kuliko yote, na printa haina kosa nalo. Programu nyingi za kusomea nyaraka huwa zimepangwa kupunguza ukurasa ili uenee ndani ya pambizo, kwa sababu printa nyingi haziwezi kuchapa hadi ukingoni. Kwa barua haidhuru. Kwa nyumba, asilimia 95 maana yake ukuta wa mita 12 umekuwa wa mita 11.4; sentimita 60 zimepotea, nazo karibu zinatosha mlango wa choo. Tena ubaya wake hauonekani upesi iwapo kurasa zote zimepungua sawasawa. Hudhihirika pale ukuta mmoja unapochapwa leo kwa ukubwa halisi na mwingenewe kesho kwa kupunguzwa: kona hazikutani, na mtu hulaumu mkasi. Kijana wa duka alirekebisha, akachagua ukubwa halisi, asilimia 100. Rula ikasema 10. Mama akalowesha kidole, akapitisha juu ya mistari myeusi, ikatulia. Akapitisha juu ya tofali, likafifia kidogo. Akajua kwamba gundi itapakwa kwa kijiti, kidogokidogo, kwenye masikio meupe yasiyochapwa, na kwamba kurasa zitalala kutwa nzima zikauke kabla ya kukatwa. Akalipa.

Nyumba ilijengwa kwa siku mbili. Paa lilitaka uangalifu wa pekee, kwa kuwa karatasi ina mwelekeo wa nyuzi zake, na mkunjo unaofuata nyuzi huwa safi kuliko unaozikata. Mtu akiipinda karatasi taratibu huku na huku, upande unaopindika kwa urahisi ndio wenye nyuzi. Kuta ziliwekewa kuta za ndani ili zisibonyee.

Lakini mpwa hakutaka nyumba isimame mezani. Alikata maboksi ya katoni yenye unene wa milimita tatu, akayapanga moja juu ya jingine kufuata mteremko wa kiwanja kama ulivyopimwa. Kwa skeli ya 1:50, milimita tatu ni sentimita 15. Kiwanja kilishuka mita 1.8 kutoka mbele ya nyumba hadi nyuma. Nyumba ilipokaa juu ya kilima chake cha katoni, sakafu ikiwa sawa na ardhi ya mbele, mlango wa jiko ulionekana uko juu, hewani.

Mama mkwe aliinama. Hakuuliza kuhusu skeli. Aliweka kidole chini ya mlango wa nyuma, akahesabu safu za katoni hadi chini, moja baada ya nyingine.

“Kumi na mbili,” alisema. “Hizi ni ngazi?”

“Ndiyo, Mama.”

“Na ndoo ya maji mkononi? Na goti hili?”

Msanifu hakuwa amedanganya. Katika mchoro wa mkato ngazi zilikuwapo zote kumi na mbili, kila moja ya sentimita 15, zimechorwa kwa usahihi. Hakuna aliyezihesabu. Nyuma ya nyumba ndiko kulikokusudiwa kuwa jiko la kuni, kamba za nguo na tangi la maji ya mvua, yaani mahali ambapo bibi mwenye miaka sabini na watoto wawili wangepita mara kumi kwa siku, na katika miezi ya mvua ngazi zikiwa zimelowa.

Usiku ule mume alipigiwa simu. Mwanzoni hakuona neno. “Mama Watoto, ngazi kumi na mbili ni nini? Sisi huku tunapanda zaidi ya hizo na mizigo mgongoni.”

“Wewe unapanda, Baba Watoto. Mama je?”

Akanyamaza kitambo. Kisha akaomba picha ya nyumba ikiwa na rula kando yake, ipigwe kwa nyuma na kwa ubavuni. Kwa mara ya kwanza tangu michoro ilipokamilika, mtu aliye mbali na kiwanja aliona alichokuwa anakitolea fedha zake. Ni yeye aliyetoa wazo la mlango wa ubavuni. Ukiwekwa mita moja na nusu kutoka kona ya mbele, ardhi hapo imeshuka sentimita 30 tu, na ngazi mbili zinatosha. Mpwa akachora, printa ikachapa kurasa mbili, ukuta wa ubavu na ukuta wa nyuma, na kabla ya saa nne ya usiku nyumba ilikuwa na mlango mpya. Jiko la kuni na tangi navyo vikahamishiwa ubavuni. Ile nafasi iliyobaki chini ya sakafu upande wa nyuma, mama mkwe aliidai iwe stoo ya maharage na zana. Asubuhi nyumba ilitiwa ndani ya boksi la viatu likapelekwa kwa msanifu, ambaye alibadilisha michoro na hesabu za msingi kwa wiki moja na kuirudisha kwa wanaotoa kibali. Kuta za karatasi haziwezi kuchukua nafasi ya mhandisi, na hakuna aliyejaribu kuzitumia hivyo.

Printa sasa iko juu ya kabati, imefunikwa kwa kitambaa. Katika miezi ya kiangazi, Juni hadi Agosti, huchapishwa ukurasa mmoja wenye rangi zote kila wiki, kwa kuwa matundu ya kichwa chake ni madogo mno na wino hukaukia humo ukiachwa. Kuyasafisha kwa programu ya mashine hula wino mwingi kuliko ukurasa huo. Wakati wa mvua, bristoli huwekwa katika mfuko uliofungwa isivute unyevu ikajikunja. Familia za askari na polisi, ambazo uhamisho huweza kuzikuta wakati wowote, zijue pia kwamba printa ya matangi husafirishwa ikiwa imelala sawa, vifuniko vimekazwa, wala isiinamishwe nyuma ya pikapu kama kiti. Katika hilo leza ina nafuu.

Watoto nao wamepata kazi. Wameamua kujenga jumba la mikutano la Kigali, Convention Centre, lililofunguliwa mwaka 2016, ambalo kuba lake lilibuniwa kwa kufuata nyumba ya mfalme iliyoko Nyanza. Kuba ni mtihani mgumu wa karatasi, kwa kuwa karatasi haipindi pande mbili kwa mara moja. Inabidi ikatwe vipande vyembamba vyenye umbo la jani, na kipande kimoja kikizidi milimita moja, cha mwisho hakifungi. Wamekwisha kuharibu makuba mawili.

Msingi ulichimbwa Juni kama ilivyopangwa, na mlango wa jiko uko ubavuni. Jambo moja tu halijapatiwa mwafaka. Mama anataka paa la kahawia, mume anataka la kijani. Mapaa yote mawili yamechapwa, na hukaa juu ya nyumba ya karatasi kwa zamu.